Shahidi Asiyenitazama

Ilomba, Mbeya
11 Aprili 1974

Mwanangu Ezekia,

Ugonile. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza maneno yake tangu mvua za Machi. Natumaini wewe, mke wako na mjukuu wangu Kalista mko salama, na baridi ya Iringa haijawakaba.

Nimepata habari kutoka ng'ambo ya Songwe. Baba yako mkubwa Timotheo hainuki tena kitandani. Amemtuma dereva wa lori la mchele aniambie: "Yotamu aje kabla sijazikwa na watu wasiojua nilivyokuwa kijana." Mara ya mwisho nilivuka Songwe mwaka 1958, tulipomzika mama yetu. Wakati ule mpaka ulikuwa maji tu, unakunja suruali.

Jana nilikwenda ofisi ya uhamiaji kuuliza. Nilisimama nyuma ya mafundi wa Kichina wa reli, wanaokwenda Zambia na kurudi, kila mmoja na kitabu chake safi cha pasipoti. Zamu yangu ikafika, nikatoa cheti changu cha kuzaliwa. Karani akakigeuza pande zote.

"Mzee, Nyasaland ndiyo wapi?"

"Nilikozaliwa."

"Basi haipo."

Alikuwa kijana mpole, hakukusudia kunitukana. Sheria aliyonieleza ni hii, nawe uishike vizuri: mgeni mwenye kibali cha kukaa akitoka nchini bila hati ya kurejea, kibali anaweza kukipoteza. Hati ya kurejea inataka pasipoti. Pasipoti ya Malawi inatolewa Malawi. Yaani ili niruhusiwe kwenda na kurudi, sharti niwe nimekwisha kwenda. Njia nyingine ni ndugu aliye raia, wa damu au wa ndoa, aje mwenyewe kuapa kwamba ananijua.

Njoo uape, mwanangu. Ni kazi ya siku moja. Nataka kumwona Timotheo, lakini sitaki kubaki huko. Nyumba yangu iko hapa, kaburi la mama yako liko hapa, na kwenye kibano changu cha kujalidia vitabu kuna kitabu cha nyimbo cha kanisa ambacho gundi yake haijakauka.

Ukija na mke wako, apite mlango wa nyuma kama kawaida. Nitakohoa kabla ya kutoka uani.

Ni mimi baba yako,
Yotamu


Iringa
29 Aprili 1974

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Kalista ameanza darasa la tatu na anaandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu wake amechoka kumgombeza. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa habari za baba mkubwa.

Kuhusu kuapa, Baba, muhula huu ni mgumu. Wamenipa ualimu mkuu tangu Januari na wakaguzi wanaweza kuingia wakati wowote. Ningekuomba ungoje. Nakukumbusha pia, bila ubaya, kwamba baada ya uhuru nilikuletea fomu za uraia hadi mezani. Ukasema utazijaza ukishakwenda kuaga kwenu. Miaka kumi na miwili fomu zinangoja kuaga.

Roza anakusalimu kupitia kwangu. Walimu wenzake wanamcheka kwa kukuita "babu yake Kalista" hata ukiwa mbali kilomita mia tatu na zaidi. Wao ni watu wa hukuhuku, kama yeye wa Ilula, na kwao mkwe husalimiwa kwa mkono. Unakumbuka stendi ya Mbeya, siku nilipomleta, alivyokunyooshea mkono nawe ukageuza uso mbele za abiria? Ukamtuma shangazi amweleze kwamba kwenu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja wala hatamki jina lake. Alilia njia nzima hadi Makambako. Sasa ni mwaka wa kumi na moja, na hajakosea hata mara moja.

Usivuke kabla sijakuandikia.

Mwanao,
Ezekia


Kivukoni, mto Songwe
30 Mei 1974

Mwanangu Ezekia,

Salamu kwenu wote. Nimekaa juu ya gunia la mtu, naandikia gotini.

Nilingoja mwezi mzima. Hukuandika. Timotheo amefariki juzi.

Bwana wa kituo hiki ni mtu mzima mwenye busara. Amesema ndugu wa pande zote mbili wamevuka kuzikana tangu enzi za babu zake, na yeye hawezi kuwa wa kwanza kuwazuia. Amenipa ruhusa ya msiba, siku tatu. Kibali changu amekiweka kwenye droo yake, nitakichukua nikirudi. Ruhusa hii haiko kwenye kitabu cha sheria, hilo nalijua. Lakini kaburi haliwezi kungoja wakaguzi wako.

Baba yako,
Yotamu


Karonga
19 Juni 1974

Ezekia,

Hali yako nitaiuliza mwishoni, utanisamehe.

Timotheo tulimzika. Ruhusa ilikuwa ya siku tatu, lakini mkubwa wa ukoo aliyebaki ni mimi, na msiba haufungwi mpaka mkubwa anyolewe. Walininyoa siku ya tano. Ningeondoka kabla ya hapo, ningekuwa nimekuja kutazama maiti kama mtalii.

Niliporudi kivukoni bwana yule alikuwa amehamishwa. Nikamkuta kijana aitwaye Mihayo, mtu wa kaskazini, mrefu, sare imepigwa pasi. Akakitoa kibali changu, akanitazama, akakitazama. "Picha hii ina nywele," akasema. Nikamweleza. Akasema kama mimi ndiye, basi aje ndugu raia aniapie. Ndipo nilipokupelekea neno kwa dereva, nikarudi upande huu kungoja.

Tarehe 14 nikaitwa nivuke. Nilitegemea kukuona wewe. Nilipokaribia kibanda nikaona mwanamke ameshika mwavuli na cheti cha ndoa. Nikajua ni Roza. Si kwa uso, maana uso wake siujui. Nilimjua kwa namna alivyosimama, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Mwili wangu ukafanya kazi uliyoizoea: nikakohoa, nikageuka, nikasimama nyuma ya lori. Naye kusikia kikohozi tu, akajifunika kanga kichwani, akapiga magoti na kuelekea ukutani.

Mihayo akatoka nje. "Haya, nyinyi mnajuana au mnakimbiana?"

"Mama, mzee huyu ni nani?"

"Babu yake Kalista."

"Kalista simjui. Anaitwa nani?"

"Babu yake Kalista, afande."

"Serikali haiandiki babu wa Kalista. Inuka, mtazame usoni, utamke jina lililo kwenye kibali hiki. Basi, mwende zenu nyumbani."

Roza akazidi kuinamia ukuta. Nilimsikia akipumua.

Nikasema nikiwa kulekule nyuma ya lori, "Bwana, huyo ni mkwe wangu. Kwetu haruhusiwi kunitaja."

"Kwetu mkwe anapiga magoti na kutaja ukoo mzima! Mzee, anayemficha uso shahidi wake mwenyewe ni mwizi au ni mwongo. Wewe chagua."

Foleni ikacheka. Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Mwacheni dada wa watu, huyo kaokotwa njiani!"

Neno moja lingetosha, Ezekia. Ningesema, Roza, nakuruhusu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini niliiona foleni nzima inanitazama, nikafikiri kwamba katika vyote nilivyokuja navyo kutoka kwetu mwaka 1933, nilipokwenda kuchimba dhahabu Lupa, desturi hii pekee haijawahi kudaiwa muhuri. Nikafumba mdomo. Mihayo akaandika daftarini: *Shahidi hamtambui.* Nikarudishwa kwenye mtumbwi.

Wewe hujambo? Kwa nini hukuja mwenyewe?

Yotamu


Iringa
8 Julai 1974

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Natumaini chakula kinapatikana na watoto wa baba mkubwa wanakutunza.

Roza aliporudi alishika kazi zake za nyumbani. Siku ya nne alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua macho, "Nilifundishwa vizuri." Basi.

Umeniuliza kwa nini sikuja. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Mwaka 1962, nilipoingia chuo cha ualimu, fomu iliuliza baba alizaliwa wapi. Aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa ametolewa kwa sababu ya jibu lake. Mimi nikaandika Tukuyu. Fomu ile imezaa nyingine, na hiyo nyingine tena, na zote ziko kwenye faili langu. Nikisimama kivukoni na kuapa kwamba wewe ni baba yangu, nitakuwa naapa kwamba mimi ni mwongo, na huenda hata hii nchi si yangu. Nina mke, nina mtoto, nina shule.

Nimeuliza kwa mtu anayezijua sheria. Kwa kibali cha aina yako, ukikaa nje siku tisini kimekufa, hata kama kipo kwenye droo yao. Siku zako zinaisha tarehe 28 Agosti. Roza anasema yuko tayari kurudi kivukoni, lakini kwa maneno ya kinywa changu hatakutazama. Anataka maandishi ya mkono wako mwenyewe.

Nisamehe, Baba.

Mwanao,
Ezekia


Karonga
30 Julai 1974

Kwa Mwalimu Mkuu,

Nashukuru kwa salamu. Barua yako imenifikia jana.

Kwa hiyo nilizaliwa Tukuyu. Ni mji mzuri, una mvua ya kutosha. Ungeniambia mapema ningekwenda kuutazama.

Sikulaumu kwa kuogopa. Mimi mwenyewe niliogopa kucheka kwa muuza samaki. Ninalolilaumu ni hili: ulijua hutakuja, ukamtuma yeye, nawe unajua kuliko mtu yeyote nilichomfundisha. Ulimpeleka mtu aliyefungwa mdomo akaseme kwa niaba yako.

Karatasi iliyomo ndani ni yake. Mpe leo hiihii.

*Kwa Roza, mke wa mwanangu. Mimi Yotamu, baba mkwe wako, nakuruhusu kunitazama usoni na kutamka jina langu mbele ya ofisa yeyote, na baada ya hapo mahali popote utakapopenda. Kosa si lako. Halikuwa lako hata stendi.*

Yotamu


Iringa
20 Septemba 1974

Shikamoo Baba,

Najua mambo haya uliyaona mwenyewe, lakini nayaandika ili ujue nami nayajua.

Barua yako ilizunguka wiki tano. Ilifika tarehe 3 Septemba, siku tisini zikiwa zimepita. Nilimwambia Roza hakuna faida tena. Alifunga mzigo, akaikunja karatasi yako na kuitia kifuani, akaenda.

Ameniambia jinsi ulivyovushwa tarehe 9, na mkuu mpya wa kituo akakusimamisha mbele ya Roza, naye akakutazama na kulitamka jina lako mara tatu ingawa aliombwa mara moja. Mihayo mwenyewe aliandika: *Shahidi anamtambua.* Kisha mkuu akafungua kalenda. "Sasa tuna hakika mzee huyu ni nani," alisema. "Ni mgeni asiye na kibali."

Njia iliyobaki ni rufaa, na rufaa inataka kiapo cha mtoto wa damu. Nakuomba unipe muda, Baba. Majalada ya walimu yanapitiwa upya mwaka huu, kazi hiyo itaisha Desemba. Baada ya hapo tutaona. Nyumba ya Ilomba usiwe na wasiwasi nayo, ufunguo nimempa balozi wa nyumba kumi.

Kalista anauliza babu atarudi lini. Nimemwambia umekwenda kutembea.

Mwanao,
Ezekia


Karonga
6 Oktoba 1974

Mwanangu Roza,

Hujambo, na mjukuu wangu hajambo? Mimi naendelea vizuri. Wamenipa chumba cha Timotheo, dirisha lake linatazama mashamba ya mpunga. Hapa wananiita Mtanganyika.

Ni barua yangu ya kwanza kwako, na sijui mtu huanzaje. Nitasema tu nilichokiona. Tarehe 9 ulipoinua kichwa, nilikuona una mwanya. Kalista anao uleule. Miaka yote hii niliwaambia watu ameupata kwa mama yangu.

Jina langu ulilitamka vizuri. Ofisa alisema halina faida tena, na kwa upande wa sheria alisema kweli. Lakini nililisikia.

Nina ombi moja. Ukipata nafasi, nenda Ilomba, uchukue ufunguo kwa balozi. Kwenye kibano kuna kitabu cha nyimbo tangu Aprili. Legeza parafujo taratibu, pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo mgongo utapinda. Kipeleke kanisani, jina la mwenyewe liko ukurasa wa kwanza. Kibano, sindano na uzi mpe Kalista. Mkono wa kushoto hauna ubaya katika kazi ile.

Mwambie mumeo barua yake ilifika. Ya Desemba asisumbuke kuiandika.

Ukifika pale nyumbani, pita mlango wa mbele. Hakuna wa kukohoa.

Baba yako,
Yotamu