Jani la Isale na Somo la Jumamosi

Kijenge, Arusha
Jumanne, mwezi wa kumi

Mpendwa Swabaha,

Pokea salamu za huku kwetu kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la Dar es Salaam pamoja na waandishi wako wavivu wasiwe wamekumaliza. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza ngazi, na ofisi yenu iko ghorofani. Sijui kama ulimtii au ulimfokea. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, anakusalimu sana. Mpaka leo anakuita mtoto wa Mzee Muzammil wa mtaa wa nyuma, na nikimwambia una wajukuu anasema ninamdanganya.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu nimeizima makusudi. Ungenipigia ukaniuliza makala iko wapi, ningekujibu kwa ukali, ungecheka kile kicheko chako, na mwisho ningekutumia. Najua umeniwekea ukurasa wa Jumapili. Basi soma kwanza, usiruke mistari, maana nataka ulijue jambo zima kama lilivyokuwa. Barua inakuja kwa basi la asubuhi.

Unajua kwamba Mama Nalepo, mwenye shule yetu ya Usa River, alitaka tuanzishe somo la fasihi ya dunia kwa kidato cha tano. Shule jirani wamejenga bwawa la kuogelea, naye akaona sisi tupate kitu cha kuandika kwenye kipeperushi. Sikujali sababu yake. Miaka yote nimepiga kelele magazetini kwamba vijana wetu wanasomeshwa vitabu kama dawa ya minyoo, wanavimeza na kuvitoa kwenye mtihani. Nikasema hii sasa ndiyo nafasi. Akatuambia tuandae mpango sisi wawili: mimi, na Mwalimu Eliya, ambaye ni mwalimu wa taaluma, yaani ndiye mwenye ratiba yote mkononi. Eliya ni Mmeru wa Nkoaranga, Mlutheri wa kwaya, mpole kwa sauti na mbishi kwa matendo.

Eliya alikuja na mpango uliokamilika, umepangwa vizuri kweli. Ulaya ilipewa mihula miwili na nusu, Asia wiki chache, Amerika ya Kusini siku moja, na Afrika kama muda utaruhusu. Nilimwambia mbele ya walimu wote kwamba hiyo si dunia, hiyo ni ratiba ya ndege. Chumba kikacheka. Naye, bila kupandisha sauti, akasema kwamba Mwalimu Batuli akipewa pepo ataiandikia makala ya kuipinga. Wakacheka zaidi. Sikumsamehe kicheko kile, nakwambia ukweli.

Nikarudi nyumbani na ule mpango wake nikausoma mstari kwa mstari, kwa nia mbaya, kama ninavyosoma hotuba za wanasiasa. Na nikakuta jambo. Katika mwezi wa pili palikuwa na wiki moja ya mapumziko ya theluji. Swabaha, theluji! Usa River! Bwana huyu alikuwa ameuchukua mpango mzima wa shule fulani ya ng'ambo kwenye mtandao, akabadilisha jina la shule juu, akasahau likizo yao. Mama Nalepo hachezi na aibu. Mwalimu akiitia shule yake kinywani mwa watu, anaondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilijua nina nini mkononi. Nikakaa kimya, jambo ambalo mimi na wewe tunajua si kawaida yangu.

Wakati huo nikaomba Jumamosi chache za majaribio na wanafunzi, nione kipi kinawashika. Hapo ndipo nilipoanza kusahau ugomvi. Niliwatafsiria hadithi fupi ya nchi moja ya baridi. Mkulima amemuua farasi wa jirani yake kwa uzembe, farasi pekee. Usiku anakwenda kupiga magoti kwenye theluji mbele ya mlango, anaomba asamehewe. Jirani anamtazama dirishani huku anakunywa chai, hafungui. Kukicha hayupo, pamebaki alama mbili za magoti. Mimi nilikuwa nimeandaa maswali yangu ya kitaalamu kuhusu taswira na ukimya. Bariki, kijana wa Kimeru anayekaa dawati la mbele, akanyanyua mkono akauliza kwa nini mtu yule hakupeleka isale.

Unakumbuka isale, lile jani refu wanalopanda mpakani mwa migomba huko mlimani. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lile, humkatalii. Ukimkatalia, wewe ndiye mwenye kosa sasa. Nilimjibu Bariki kwamba kwenye theluji haioti isale. Akasema, hapana Mwalimu, najua haioti, nauliza wao wana nini badala yake. Kwa sababu haiwezekani watu waishi jirani bila kitu cha namna hiyo. Au mwandishi amekificha?

Nikaligeuzia darasa swali lake. Nasieku, binti wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, akasema kwao ni majani tu ya kawaida; mtu akiyang'oa akayashika mkononi, fimbo iliyoinuliwa kumpiga inashushwa. Msichana wa Kichaga akasema hata kwao ni isale, Wameru wasijifanye wenye hakimiliki. Vurugu ikaanza. Mimi mwenyewe nikawaambia kwamba bibi yangu alipoombwa jambo kwa jina la Mtume alinyamaza hata kama alikuwa ameshashika mwiko wa kupiga. Kisha tukaisoma hadithi upya, na safari hii kila mtu alikuwa anatafuta. Bariki akaona kwamba mkulima alikuja mikono mitupu. Nasieku akaona kwamba jirani alimimina chai vikombe viwili. Mimi nimeisoma hadithi ile kwa miaka, Swabaha, na kikombe cha pili sikuwahi kukiona.

Nikautupa mpango wangu pia, maana nao ulikuwa wa mabara, tofauti ni kwamba wangu ulianza na Afrika. Nikaanza kupanga kwa maswali. Mtu akikuletea kitu gani huwezi kumkatalia? Mgeni asiyeondoka anafanywaje? Nani anaruhusiwa kulia msibani kwa sauti, na nani analia jikoni? Kila swali nalitafutia hadithi tatu au nne za nchi zisizofahamiana, na moja ya nyumbani kwao wanafunzi, waje nayo wenyewe. Sijui kama inafaa. Kuna maswali ambayo nchi nyingine hazina kabisa, na hilo ndilo lililokuwa linaniamsha mapema kama mtoto mwenye safari.

Ndipo Jumatatu moja nikakuta ratiba mpya ubaoni: Jumamosi zote ni mazoezi ya mtihani. Somo langu limefutwa, hakuna aliyeniambia. Nilipouliza, Eliya akasema ni maelekezo, akatazama pembeni. Nilimwambia asubiri gazeti. Nikasema hivyo kwa sauti, mbele ya mhasibu na mwalimu wa zamu, nikamwambia habari ya theluji yake itasomwa nchi nzima. Akakusanya daftari zake akatoka. Jioni ile ndiyo nilikupigia wewe, ukaniambia ukurasa upo. Makala niliiandika kwa mkao mmoja. Ni nzuri, sijawahi kuandika nzuri kuliko ile, na ningeona haya kukueleza jinsi ninavyoisoma peke yangu na kucheka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Eliya alikuja hapa Kijenge. Nilimwona kupitia uwazi wa geti, amevaa suti ya kwaya, ameshika jani la isale kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa yai. Swabaha, nilifurahi vibaya. Nilijua amekuja kwa sababu ya ratiba na kwa hofu ya makala, na nilijua wanafunzi wangu watasikia kwamba Mwalimu Batuli, ambaye hata si mtu wa mlimani, aliletewa isale akaipokea kama mstaarabu. Nilifungua geti nikalichukua lile jani kabla hajafungua mdomo. Nikatoa na hotuba ndogo. Nikasema kwangu yamekwisha, karibu chai.

Eliya hakufurahi. Alisimama pale getini mikono mitupu, akasema taratibu kwamba ningengoja. Akasema kwao mtu hutaja kwanza alichokosa, ndipo anatoa jani, na yeye alikuwa bado hajataja. Nikamwambia nalijua kosa lake. Akasema, hapana dada, hulijui.

Tulikaa. Chai hakuigusa. Akaeleza kwamba nilipomtisha habari ya theluji aliogopa, ana watoto wanasoma na mke anayeumwa, akawahi kwa Mama Nalepo kabla sijafika mimi. Akamwambia kwamba Jumamosi ninafundisha watoto matambiko, kwamba ninadharau dini za watu, na kwamba wazazi wanalalamika. Hakuna mzazi aliyelalamika. Mama Nalepo akaamua mkataba wangu ukiisha mwezi wa kumi na mbili usihuishwe. Jumamosi, Eliya akashindwa kulala na kwaya ikamshinda, akarudi kwa mama huyo akakiri yote, uongo wake na ile theluji. Mama Nalepo akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa ule mpango wa kunakili atamkata mshahara, lakini kuhusu mimi habadilishi, amechoka kuajiri mwalimu anayemtisha kwa magazeti. Ila yale maswali yangu, niliyompelekea kabla somo halijafutwa, ameyasoma na ameyapenda. Somo litaanza Januari. Atalifundisha Eliya.

Hapo ndipo palipo na jambo ninalotaka kukueleza, na sijamweleza hata mama yangu. Nililitazama lile jani mezani. Eliya akaliona jicho langu, akasema nikitaka atalichukua tena, tuanze upya, safari hii nikiwa najua. Nikamuuliza, inawezekana? Akafikiri kweli kweli, kisha akasema hajui, hajawahi kusikia mtu aliyepokea kabla ya kuambiwa. Labda wazee wangecheka. Labda wangesema jani limeshapita mkono. Tukabaki tunalitazama wote wawili, na, Mungu anisamehe, katikati ya hasira yangu nilikuwa na hamu ya kujua jibu kuliko hamu ya kumfukuza.

Sikulirudisha. Mtu angeweza kuniambia mimi ni Mwislamu wa mjini, babu yangu alikuja Arusha na mzigo wa chumvi, isale ya Wameru hainihusu. Nimejiambia hivyo mwenyewe mara nyingi tangu Jumapili. Lakini nilipoipokea nilitaka inihusu. Niliitaka heshima yake. Siwezi kuidai heshima halafu bei ikitajwa nikasema mimi mgeni. Na kama ningelirudisha, ningesimamaje tena mbele ya Bariki?

Kwa hiyo makala haiji, Swabaha. Nimeichana. Jaza ukurasa kwa jambo lingine, hata matangazo ya viwanja. Mwezi wa kumi na mbili sina kazi, na silaha niliyokuwa nayo nimeiharibu mwenyewe nikiwa na akili timamu. Usinihurumie, na tafadhali usinisifu, maana sijui kama nimesamehe. Nikimwona bado natamani kumrushia kikombe. Sijui kama jani linaamrisha moyo au linaamrisha mikono tu, na nimekuwa nikiwauliza watu, dereva, muuza maziwa, imamu wetu, kila mtu ananijibu lake. Kwenu Pwani walikokuoa, mtu akileta nini hakataliwi? Niandikie hilo kwanza, lawama zifuate.

Jana Eliya alinifuata chumba cha walimu akaniomba mpango wote, na hadithi nilizotafsiri. Nilimpa. Tulikaa mpaka wafagizi wakatufukuza, namwonyesha atakapokosea, naye anabisha, na mara mbili alikuwa na haki. Nikamwomba nami ruhusa: Jumamosi ya kwanza ya Januari niingie nikae dawati la nyuma, nisikie watoto wapya watauliza nini. Akakubali, kwa sharti kwamba nisinyanyue mkono. Nimelikataa sharti. Bado tunazungumza.

Wasalimie watoto na wajukuu, umwambie mumeo kahawa ya mlimani nitamletea mwenyewe, sasa nitakuwa na nafasi ya kusafiri. Mungu akuponye mguu, upande ngazi zako salama.

Ni mimi rafiki yako wa dawati moja,
Batuli Uwesu