Nilisema Niko Cincinnati, Kumbe Bado Niko Newburg

Mama Yudita, mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijampoteza mtu, na naomba usinicheke ingawa najua wasomaji wako watacheka.

Mimi naitwa Methodi, ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, sasa naishi Newburg hapa Louisville na nafanya kazi ghalani kupakia mizigo, na kwanza niseme mimi si mvivu, kazini supavaiza ananiita mashine na overtime sijawahi kuikataa, lakini nikitoka kazini jambo langu mwenyewe halifanyiki, nasema nitalifanya baada ya kuoga, nikishaoga nasema ngoja nicheze drafti raundi moja kwa jirani yangu Athanasi, na ile raundi moja, Mama, inazaa nyingine mpaka mke wa Athanasi anaanza kufagia chini ya miguu yetu, nami narudi nyumbani nimecheza bila raha kwa sababu muda wote moyo ulikuwa unanisuta.

Nina mchumba, Gentille, Mkongomani, anaishi Buffalo na anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, tulikutana kwenye mkutano wa kwaya na tunapendana kweli, alilelewa na baba yake mdogo, mzee Hyacinthe wa Columbus, na kwa desturi yao na yetu pia siwezi kuoa kabla sijaenda na watu wangu kujitambulisha, sisi tukae upande huu na ukoo wa binti upande ule, msemaji wetu azungumze na msemaji wao, tunywe fanta, ndipo mengine yafuate. Msemaji wangu ni mzee Donati wa kanisani kwetu, maana wazazi wangu wote wawili walifia kambini na ndugu huku sina, lakini hilo si tatizo, mzee Donati anaongea vizuri.

Tatizo ni mimi. Mara ya kwanza niliahirisha kwa sababu breki za gari zilikuwa zinalia na sikuzipeleka kwa fundi, mara ya pili nilichelewa kuomba ruhusa nikapangwa kazini, na mara ya tatu, mwezi uliopita, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi. Asubuhi mzee Donati alikuwa ameshakaa ndani ya gari na suti na tai, mimi nimepiga pasi shati, nikasema nikae kidogo kwenye kochi, nikafungua kichekesho kimoja kwenye simu, kikaleta kingine, kushtuka jua limepanda, natafuta viatu naona kimoja, nikatoka mbio kuangalia kama kile kingine kiko garini, na hapo hapo mzee Hyacinthe akapiga: "Bon, mukwe, mumefika wapi? Chakula inapoa!" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Tumeshafika Cincinnati, baba," yaani karibu nusu ya njia. Akafurahi sana. "Eh, vizuri! Donc nipatie ule muzee wenu nimusalimie." Mzee Donati alisikia anatajwa, akanyoosha mkono dirishani akaichukua simu, na mzee Donati hajui kudanganya, akasema, "Salama, ndugu yangu, Mungu ni mwema. Tuko hapa parking ya Newburg, kijana anatafuta kiatu."

Mama, kule walikuwa wameazima viti vya kanisa, mashangazi wamepika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki na fufu, na Gentille alikuwa amekuja kwa basi kutoka Buffalo. Mzee Hyacinthe alisema tu, "Basi, mubakie uko," akakata. Gentille hapokei simu zangu, amenitumia sauti moja tu kwenye WhatsApp: "Kuchelewa nilishazoea, donc haikuniuma. Ile Cincinnati ndiyo iliniuma. Kama unadanganya baba mudogo mbele ya kunioa, kisha itakuwa je?" Tumepewa Jumamosi moja ya mwisho, ile ya kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, na nikiikosa mzee amesema Gentille amsikilize mtu mwingine wa huko Buffalo anayemuulizia.

Nimeamua kuacha michezo yote, drafti basi, vichekesho basi, niongeze overtime mpaka akili inikae sawa. Je, nitafanikiwa? Nampenda, Mama, na sitaki kumkosa kwa ajili ya kiatu.

Methodi, Newburg, Louisville

*

Mama Yudita anajibu:

Marahaba, Methodi. Uliniomba nisicheke, nami nilijikaza vizuri mpaka nilipofika kwa mzee Donati. Nisamehe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mwanangu, haikutoka hata kwenye maegesho.

Haya, nimemaliza kucheka, sasa nakuja na mwiko. Binti wa watu ameomba ruhusa kazini, amepanda basi kutoka Buffalo, amevaa kitenge kipya, amekaa mbele ya mashangazi zake, halafu anasikia mchumba wake anatafuta kiatu. Aibu ile hukuibeba wewe, aliibeba yeye. Ukiomba msamaha, uombe kwa hilo, habari za breki waachie mafundi.

Na huo mpango wako wa kuacha michezo ni mbovu. Unataka kutibu njaa kwa kufunga. Wewe huna siku ya kupumzika, overtime zote ni zako, Jumapili najua uko kanisani mpaka jioni, kwa hiyo mwili unajichukulia mapumziko wenyewe, tena siku usiyotaka, kwenye kochi, shati likiwa limeshapigwa pasi. Umesema kwa kinywa chako kwamba unacheza bila raha. Huko si kucheza, ni kudokoa nyama chunguni. Watu wetu husema kazi na dawa, nawe umeinywa kazi chupa nzima na dawa hujaionja.

Kuna jambo jingine. Mimi nami nimekaa kambini, najua tulichojifunza kule. Chakula kilikuja siku ya mgao, safari ikaja siku ulipoitwa. Uhangaike usihangaike, ulingoja. Mtu aliyekulia humo huwa hodari wa kazi ya kupangiwa, ila jambo lake mwenyewe analikalia kimya kama vile kuna ofisi itakayomwita. Hapa haiko hiyo ofisi, Methodi. Aliyekuita ni mzee Hyacinthe, tena mara tatu, na chakula chake kimeshapoa.

Lakini bado sijakumaliza. Umeandika kwamba wazazi hawapo, ndugu huna, "lakini hilo si tatizo", ukapita mbio. Mimi nimesimama hapo hapo. Mwanamume anayepakia mizigo kutwa hashindwi na shati na soksi. Nadhani unaogopa kuingia kwenye ile sebule, ukoo wa Gentille umejaa upande ule mpaka mlangoni, na upande wako kuna mzee mmoja na viti vya kuazima. Unaogopa mtu atauliza, "Na watu wako wako wapi?" Pole, mwanangu. Pole sana. Hilo linauma, na overtime hailiponyi.

Sasa nisikilize. Watu unao. Huyo Athanasi unayemsumbua kila jioni ni nani, kama si ndugu? Na mkewe anayewafagia miguu, hujui kwamba ni dada tu anayeweza kukufanyia hivyo? Nenda kwao leo, kabla hamjapanga kete, uwaambie, "Naomba mje Columbus mkae upande wangu." Waalike na wachezaji wenzenu, wavae makoti. Nakuhakikishia mke wa Athanasi hataruhusu mtu yeyote akae kwenye kochi asubuhi ile.

Ondokeni Ijumaa mkalale huku huku Columbus, ninakoishi mimi pia. Mkikosa pa kulala ulizeni kanisani, na mkikosa kabisa mimi ninalo zulia. Supavaiza mwambie kesho, usingoje wiki yenyewe, kwamba Ijumaa na Jumamosi hiyo hupo. Akikuita mashine, mwambie mashine haioi. Gari lipeleke kwa fundi ukitoka kazini, bila kupitia nyumbani.

Na baada ya hapo usirudie maisha ya zamani. Ukirudi kutoka kazini usivue viatu kabla hujafanya jambo lako moja, hata dogo, simu moja au duka moja. Likiisha, vua, oga, nenda kacheze drafti kwa kelele, mle Athanasi na umtambie mpaka akasirike, moyo hautakusuta tena kwa sababu huna unachokwepa. Jumamosi moja moja ikatae overtime, nendeni Iroquois Park mkapige mpira na kuchoma nyama. Mapumziko yapange kama unavyopanga kazi. Gentille ataolewa na mtu, hataolewa na uchovu.

Mzee Hyacinthe mpigie leo, wewe mwenyewe, usimtume mzee Donati. Sema, "Baba, nilidanganya, nisamehe," kisha nyamaza apate kukugombeza, ana haki. Halafu Gentille. Asipopokea, mtumie sauti. Usimwambie utafika saa ngapi, ahadi za saa amezisikia za kutosha. Mwambie uliogopa kukaa mbele ya watu wake huna baba wala mama. Hilo hujamwambia, na alistahili kulijua kabla hajapanda lile basi.