Ubao Nimeupaka Ukuta wa Nyuma

Magomeni, Mtwara

Dada yangu Anitha,

Shikamoo. Baridi ya Njombe imewaachaje? Goti la mama je? Mimi mzima. Joto la huku limenipunguza tumbo ila sura imezidi kung'aa, wasichana wa Magomeni ni mashahidi. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, pamoja na kilo moja ya korosho. Akikupa nusu, ujue kazitafuna njiani, mbane.

Dada, leo nina kinyaa. Kinyaa cha kutema mate.

Tunapaka rangi shule moja ya msingi, njia ya Naliendele. Fundi mkuu ni mimi, ukimwondoa bosi na wenzangu wawili. Shule hiyo watoto wanakaa kwa namba za mtihani: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma kabisa. Dawati la mwisho darasa la tatu ni la binti anaitwa Somoe, mjukuu wa bibi anayetuuzia mihogo ya kukaanga. Wenzake wanamwita Gogo. Na mwalimu wake naye anamwita Gogo, mtu mzima na tai yake shingoni!

Siku moja naandika ukutani nje, USICHEZEE BOMBA, herufi kubwa kama kiganja. Somoe akaja karibu, akasoma yote bila kusita.

"Kumbe unajua kusoma! Mbona darasani unanyamaza?"

"Pale ubaoni kuna ukungu, kaka fundi."

Ukungu, dada! Nikamrudisha nyuma hatua moja moja. Ya tano akakunja uso, ya saba akaanza kubahatisha. Mtoto haoni mbali. Haoni, anafeli, anasogezwa nyuma, anaona kidogo zaidi, anafeli tena. Mimi niliyeishia la sita nimeligundua nikiwa na brashi mkononi!

Nikamwambia bibi yake. Akasema, "Kichwa chake kizito, mjukuu wangu. Tunangoja likizo achezwe unyago, akili itamkaa."

"Kwani bibi, makungwi watamfundisha adabu au watamtia macho mapya?"

Akacheka, akaniongezea kipande cha muhogo. Hakuamini.

Nikaenda kwa mwalimu. Mezani ana fomu ya kuandika watoto wenye mahitaji maalumu ili wakapimwe, Afisa Elimu Kata anaichukua Ijumaa. Ameshaijaza, hata kitini hajainuka: "Hakuna."

"Mwalimu, Somoe haoni ubao."

"Udaktari umesomea wapi?"

"Sijasomea. Nimemtazama tu."

"Nikiandika jina moja nitaulizwa maswali kumi. Kapake rangi, bwana mdogo."

Nilijisikia kama nimemeza rangi ya mafuta.

Kesho yake tukaagizwa tupake ubao wa darasa hilohilo. Ukuta wa mbele, penye ubao wa zamani, plasta imebanduka, unangoja saruji. Basi kwa akili hizi unazozidharau, nikausugua ukuta wa nyuma, nikaupaka mweusi tii. Bosi alinitukana kwa Kimakonde mpaka akaishiwa, akamalizia kwa Kiswahili. Nikasema nimekosea.

Ulipokauka, madawati yakageuzwa. Somoe akawa wa mbele kabisa, vipanga wote wa namba za juu wakawa mkiani! Mwalimu akaandika sentensi, Somoe akanyoosha kidole, akaisoma yote. Halafu kitoto kimoja kikapiga kelele, "Gogo limesoma!"

Mwalimu mkuu alikuwa dirishani, kaja kukagua uharibifu wangu. Aliitisha fomu palepale, akakata ile "Hakuna", akaandika jina la Somoe, na bibi akapewa barua ya kumpeleka hospitali kupimwa macho. Unadhani yule mwenye tai aliona aibu? Alisema, "Kabahatisha tu." Mfyuu! Na fomu za madarasa mengine zimeondoka na "Hakuna" zao vilevile.

Sasa wewe. Uliniambia kwenye simu mwanao Neema amekuwa wa mwisho tena, amerithi kichwa changu, na mwakani mnamtoa shule akachume chai. Siku ile nilicheka. Leo sicheki, na kinyaa kingine ni chako, unisamehe, wewe mkubwa wangu. Mimi nilikaa nyuma kwa utundu, na kutoka kule niliona hadi kifungo kilichokatika kwenye shati la mwalimu. Neema anaona nini? Umewahi kumuuliza?

Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyoandika kwa brashi. Ibandike ukutani mchana, asome akiwa karibu, kisha mrudishe hatua moja moja. Akikwama usimfokee. Nenda kwa mwalimu wake, udai akapimwe. Akikwambia hakuna, kaa hapohapo ofisini. Wewe ukishakaa hakuna wa kukuinua, shemeji anajua.

Nisalimie mama, shemeji, na mjomba wetu fundi baiskeli, mwambie pampu yake ninayo mimi, aache kusingizia majirani.

Kwenye karatasi nimeandika: MJOMBA FESTO NDIYE MZURI KULIKO WOTE. Neema akiisoma kutoka mlangoni, nitakubali amerithi kichwa changu. Akishindwa, basi kichwa chake hakina kosa, na chai mkaichume wenyewe.

Mdogo wako mwenye macho yake mawili,
Festo