Fingo la Ami Juma kwenye Mshokishoki

Ole, Jumanne

Tumbo halijafura mpaka sasa, na shokishoki nimekula mpaka ulimi umekufa ganzi.

Ami Juma ametundika fingo mtini, eti mwizi akila tu anafura tumbo. Nikamwambia, "Ami, hiyo ni dhana. Ikipimwa na wengi ikasimama, ndipo tunaiita nadharia." Shule niliiacha mimi, masomo hayakuniacha.

"Na Mungu naye utampima?"

"Hasha. Hiyo ni imani, na bismillahi nimeshapiga. Mimi napima fingo tu."

"Panda basi, mjuaji."

Nikapanda, nikala mbele ya macho yake. Usoni nacheka, moyoni naogopa: nikifura, Ole nzima itanicheka mpaka nizeeke.

Niliposhuka mzima, Ami akasema, "Fingo linakujua, wewe damu yangu."

Ala, dhana gani hii isiyokubali kushindwa? Nikamwambia kesho namleta Makame wa Wesha, si ndugu yetu hata kwa mbali, ale yeye.

Ami akawa mkali. "Usiniletee mtoto wa watu hapa."

Jioni nikamkuta juu ya mti, anazichuma zote, hata mbichi.