Jina Lililoitwa Korongoni

Kyzyl-Bel,
Naryn.
19 Mei

Mpendwa wifi Zuurakan,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje, na huko Novosibirsk theluji imekubali kuondoka? Tulisikia kwa mwanao Jypar kwamba ulikohoa majira yote ya baridi, tukasikitika. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mdogo wako, mume wangu, ambaye ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Mguu wake wa kulia umefungwa plasta. Usishtuke. Amelala karibu na dirisha, anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi.

Kondoo wamezaa salama. Tope ni jingi, maua mekundu yameshatoka mlimani, na malisho ya juu bado yamefunikwa na theluji. Mwanetu Kubat anasubiri yafunguke ili apandishe mifugo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu unaisikia nusu, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa, na neno lako linangojwa. Linamhusu mkamwana wetu Burul.

Unajua kuwa Burul hukimbia milimani. Anakamua ng'ombe, anaandaa chai, kisha anapotelea huko juu na kurudi ana tope hadi masikioni. Mdogo wako hakupenda mwanzoni. Alisema mtu anayekimbia bila kufukuzwa ana lake jambo. Baadaye akaanza kupanda kilimani na darubini, eti anaangalia farasi. Nikamuuliza ni farasi gani huyo anayevaa kitambaa chekundu kichwani.

Mwezi huu vijana waliandaa mbio, kutoka darajani hadi mgongo wa mlima na kurudi. Walikuja watu wa Bishkek wenye viatu vya rangi za peremende, kila mmoja na fimbo mbili, utadhani wamezeeka wote kwa pamoja. Mdogo wako alipewa kazi ya kukaa juu na farasi wake wa kijivu kuangalia wanaopotea. Alivaa ile kofia nyeupe ya sherehe. Alifurahi, ingawa hakutaka tuone.

Sasa nisikilize hapa. Juu kule njia inagawanyika. Ya kushoto inapita pale maji yanapotoka ardhini, ya kulia inashuka korongoni, ambako theluji ilikuwa bado imening'inia juu ya kijito. Wewe una ruhusa ya kulitaja neno la hayo maji. Sisi tulioolewa hapa hatuna, kwa kuwa ndilo linaloanza jina la mdogo wako, na mwanamke hatamki jina la mume wala la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Ni jambo la kila siku, hulifikirii tena. Ndilo lililotuponza.

Vijana wawili wa Bishkek walikuwa nyuma ya Burul. Walipofika njia panda wakamwita, "Dada! Tunashika ipi?"

"Shikeni ya kinachobubujika!" akawajibu bila kusimama.

"Kinachobubujika nini?"

"Jamani, si kinachobubujika! Kile pale!" Akaenda zake.

Mtu wa kijijini angeelewa mara moja. Wale walisimama wakatega sikio, wakasikia kijito kinabubujika korongoni, wakashuka huko huko.

Mdogo wako aliwaona kwa darubini akateremka kuwafuata. Ukungu ukashuka naye. Vijana wakapanda ukingo wa pili wenyewe na hata mbio wakamaliza, lakini yeye theluji ilikatika chini ya farasi wake. Farasi akajinasua. Mdogo wako akabaki kati ya mawe, mguu umevunjika.

Burul alikuwa anarudi kutoka juu, wa kwanza kati ya wanawake, alipokutana na farasi tandiko likiwa tupu. Akaacha mbio, akaingia korongoni akiita, "Baba! Baba!" Wachungaji wakamwitikia kutoka kila upande, "Naam, binti, kuna nini?" Si kila mzee huku ni baba? Angemwita kwa jina la mwanawe, "Baba Kubat," lakini Kubat ni mumewe, nalo pia halitaji. Katika ukungu ule hakujua sauti ipi ni ya nani. Ndipo akaita jina lenyewe, jina zima la baba mkwe wake, kwa sauti yake yote, tena na tena, mpaka waliokuwa mgongoni mwa mlima wakalisikia.

Na yeye alimsikia, wifi. Alimsikia vizuri sana akafunga mdomo.

"Nilijua ni marehemu mama ananiita," ananiambia. "Mwanamke gani mwingine angeniita jina? Wewe hujawahi. Dada yuko Novosibirsk. Nikasema, nikiitika tu, nimekwenda naye."

Mama yenu aliwafundisha msiitikie sauti msiyomwona mwenyewe mlimani. Basi mtoto mtiifu akatii, na mvi zake zote, huku anaganda.

Mwisho Burul akakaa juu ya jiwe akalia kwa hasira. "Mzee mbishi wewe! Hata kufa unakufa kwa ubishi! Na mbio nimeziacha!"

Chini ya miguu yake sauti ikasema, "Nani huyo ananitukana?"

Marehemu mama, anasema, angeweza kumwita, lakini asingemgombeza kwa ajili ya mbio. Wachungaji wakaja wakamtoa. Daktari alituambia wazi kwamba baridi ingemmaliza kabla ya mguu.

Halafu akaja Sonunbu, mjane wa kaka yenu, kumwangalia mgonjwa. Alileta nyama ya kuchemsha na maneno. Nyumba imejaa wanawake, Burul anamimina chai, Sonunbu akaanza: "Zamani mkamwana angejing'ata ulimi kabla ya kutaja jina la mkwewe. Huyu wetu amelinadi kama anauza viazi!" Anataka Burul ainame mbele ya ukoo wote siku ya kupandisha mifugo, aombe radhi, na mbio ziishe.

"Mguu ni wangu na jina ni langu," mdogo wako akasema.

"Mguu ni wako, shemeji. Jina ni la ukoo, na mkubwa wa ukoo ni Zuurakan."

Hapo alitushinda, maana ni kweli.

Tangu siku hiyo Burul hakimbii. Hakuna aliyemkataza. Akimaliza kukamua anasimama mlangoni anatazama mlima, kisha anarudi kufagia mahali alipokwisha kufagia. Nilimuuliza, akiambiwa ainame atainama? "Nitainama, mama," alisema. "Lakini nikiambiwa niseme najuta, sitasema."

Mimi si mtu wa machozi, unanijua. Lakini naumia kumwona hivi, na naona nikuambie. Nimeolewa hapa ningali msichana, na miaka yote hii nimemwita mume wangu "wewe" na "sikia." Ningekuwa mimi korongoni siku ile, ningeita "Wewe! Wewe!" mpaka giza liingie, na leo ningekuwa mjane mwenye adabu zake.

Neno lako tutalifuata, wifi. Ukisema Burul asiiname, nitamwambia Sonunbu mwenyewe, na kwa nyama yake nitamrudishia sahani na shukrani. Ukisema ainame, basi tutainama wawili, yeye na mimi, kwa kosa lile lile. La kwangu utalikuta kwenye sahihi.

Nisalimie Jypar na mumewe na wajukuu wote, hasa yule mdogo anayekataa maziwa. Kubat anakusalimu. Burul naye anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Mungu akufungue kifua na akupe miguu ya kukufikisha tena kwenye mlango huu.

Wifi yako akupendaye daima,

Anarkul,
mke wa Bulakbek