Matundu ya Ukuta Wako

Shikamoo Tata, baba yangu wa kazi. Usiniitikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ndipo uamue kama bado nastahili marahaba yako.

Nina hasira. Ukuta wako umeanguka. Si wote, ni ile kona ya chini, nyuma ya goli la bondeni, hatua kama kumi na tano. Kona hiyo iliporomoka siku ya nne ya mvua, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Udongo wote tuliojaza na kushindilia kwa magogo ili uwanja wa shule ulale sawa umeshukia mihogo ya jirani. Goli limelala kifudifudi. Hakuna mtoto aliyeumia. Ingekuwa Jumatatu wakati wa mapumziko, sijui leo ningeandika nini.

Na unajua wanasemaje? Wanasema Fundi Marwa alijenga vibaya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amesimama mkutanoni mbele ya wazazi, mkono mmoja mfukoni, akasema, "Marehemu tunamheshimu, lakini ukuta wake ulikuwa dhaifu." Mkeo, Mama Chacha, alikuwa benchi la mbele na nguo zake nyeusi. Hakuinua kichwa. Na mimi Bhoke, uliyenifundisha kazi miaka minne na kuniita mwanao wakati mafundi wenzako wanakucheka kwa kumpa mwanamke mwiko, nilikuwa nyuma yake, kimya.

Dhaifu. Ulituchimbisha msingi mpaka majembe yakalia kwenye mwamba. Jiwe ambalo halikukaa uliling'oa, hata kama tumeshamaliza mstari. Ukuta ukauegemeza kidogo kwenye mlima, kama mtu anayesukuma ng'ombe mkaidi. Nyuma yake tukapanga mawe na kokoto kuanzia chini hadi juu, ndipo udongo. Na mbele ukaacha matundu kumi na mawili, kila moja na kipande cha bomba, maji ya mlimani yapate pa kutokea. Ulirudia kuniambia neno lile mpaka nikalichoka: "Ukuta unazuia udongo, Bhoke. Maji hayazuiliki. Yape njia."

Unakumbuka uwanja ulivyokuwa kabla? Timu iliyopewa upande wa juu ilikuwa inashinda hata kipa wake akiwa amelala. Mpira ukitoka, mtoto anaufuata bondeni, wenzake wanakaa chini kumsubiri, na mwalimu wa michezo anaangalia saa. Siku ile tuliyomaliza, uliweka mpira katikati ya uwanja kwa mguu wako mbovu, ukautazama. Haukwenda popote. Ukacheka mpaka ukakohoa. Sikujua kikohozi kile ndicho kitakachokuondoa.

Sasa nikwambie yaliyotokea. Ulikuwa na wiki tatu tu kaburini, kiangazi kikali, wasichana wakicheza netiboli wakaona moma anaingia kwenye tundu la tatu. Moma si nyoka wa kuchekewa, unamjua. Wazazi wakakataza watoto kukanyaga uwanja. Mwenyekiti akaniita, akasema niyazibe matundu yote siku hiyohiyo. Nikamwambia habari ya maji. Akaangalia mbingu, akaniuliza, "Maji yako wapi?" Kisha akasema, taratibu kabisa, "Choo cha walimu nilitaka ujenge wewe. Au nitafute fundi mwanaume?"

Alijua pa kunishika. Kazi ya kwanza kwa jina langu, Tata.

Nikayaziba. Kumi na mawili yote, kwa mkono huu, kwa mwiko ulioniachia. Nikayasawazisha vizuri hata ukipita huoni palipokuwa na tundu. Watu wakanisifu. Mvua ilipokuja, maji yakajaa nyuma ya ukuta, hayana mlango, yakajitafutia mlango yenyewe.

Na wewe nakukasirikia. Ulinifundisha mawe, udongo, timazi na kamba, nyoka hukunifundisha. Nilikwambia mara ngapi tuandike mambo haya kwenye daftari? Ukasema karatasi inalowa. Ningekuwa na karatasi yako ningempa yule mtu aisome.

Hapana, naongopa. Hata karatasi ningeikunja. Kipande cha waya wa banda la kuku kwenye kila tundu kingetosha: maji yanatoka, nyoka haingii. Jambo hilo nililifikiria siku ileile, nikiwa natembea kwenda kuchanganya simenti. Nililifikiria na sikulisema, kwa sababu nilitaka choo.

Baada ya mkutano nilichukua tindo na nyundo nikaenda kwenye sehemu iliyobaki. Imefanya tumbo. Nilipotoboa tundu la kwanza maji yalinipiga kifuani, mekundu, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nikalia huku natukana. Nilimtukana mwenyekiti, nikakutukana na wewe, unisamehe, na mimi mwenyewe nikajitukana zaidi. Nikatoboa yote yaliyobaki. Siku tatu sasa natundika timazi yako asubuhi na jioni. Ukuta haujasogea.

Jana nilikwenda kwa Mama Chacha, nikamweleza. Alikuwa anachambua mboga na hakuacha kuchambua. Akasema, "Mimi nilishajua mume wangu anajenga vipi. Kaseme pale ulipokaa kimya."

Kesho ni Jumamosi, kijiji kizima kinakuja kwa msaragambo kuondoa udongo. Kabla jembe la kwanza halijagusa chini nitasimama juu ya mawe yako yaliyoanguka. Nitasema matundu niliyaziba mimi, na aliyeniagiza nitamtaja, asimame na yeye. Choo cha walimu kiende kwa anayekitaka. Waya nimeshaukata kwenye banda langu, kuku wanalala jikoni na wananichafulia unga. Kona ile nitaijenga upya, nianzie kwenye mwamba, hata kama kesho hakuna atakayenishikia kamba.

Kwaheri, Tata. Nikimaliza kusema nitapita kaburini kwako na udongo wangu mikononi, nikuamkie tena. Hapo ndipo uniitikie.

Bhoke wako