Chupa Niliyoisimamisha

Nasma, siku ile mume wangu Pius hakurudi kutoka bandarini, niliichukua chupa yake ya mwisho ya mvinyo nikaisimamisha kando ya picha yake. Ile nyekundu aliyosema ni ya pilau.

Leo mwaka umetimia. Nimepika pilau, wenzake wa kuonja mvinyo wamekuja. Khalfani kafungua, kizibo kikamomonyoka.

Haruna unamjua, hanywi, kazi yake kunusa tu. Kanusa. Kanusa tena.

“Shemeji, hii ni siki.”

Siki, Nasma! Nikadhani ananitania.

Khalfani akauliza, “Kwani haikulazwa?”

Wote wakanitazama. Pius alishasema mara ngapi, “Ilaze, Viki, kizibo kisikauke, hewa ikaingia ikauchachua.” Na mimi nimeisimamisha mwaka mzima, mshumaa pembeni! Chupa yake ya mwisho!

Haruna akavuta bakuli la kachumbari, akamimina humo.

“Siki kwangu halali. Miaka yote nanusa tu, leo nami naonja ya Pius.”

Akala, macho yamemjaa machozi. “Alisema kweli. Ni ya pilau.”

Tukala wote.

Iliyobaki nimeihamishia kwenye chupa ya maji. Iko jikoni, karibu na chumvi.